Ganda la muhogo lina bei: kilimo chetu ndani ya bioekonomi

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wahamasishaji wetu wa kilimo mbele ya mkutano mkuu wa chama, hapa Baraka. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema, kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika na kwa wafadhili wetu.)





Mutanisamehe Kiswahili changu. Nusu nilikipata hapa Fizi, nusu nilikipata Kasulu, miaka yote ile tuliyokaa kambini Nyarugusu, na Kifaransa cha shule kimejipenyeza katikati. Wengi wenu muko vilevile, kwa hiyo tutasikilizana.

Komite iliniomba niseme juu ya neno moja. Neno lenyewe ni bioekonomi. Lilikuwa ndani ya barua tuliyoipokea kutoka kwa wafadhili, wakituuliza chama chetu kinaona vipi nafasi ya kilimo ndani ya bioekonomi. Sekretari alilisoma mara mbili, watu wakanyamaza. Halafu mama mmoja kule nyuma akauliza: "Na hiyo inaliwa?" Tulicheka sana. Lakini nimelibeba swali lake mpaka leo, kwa sababu ndilo swali la kwanza linalopaswa kuulizwa.

Bioekonomi ni uchumi unaosimama juu ya vitu vyenye uhai: mimea, wanyama, samaki, misitu, wadudu, hata vile vijidudu visivyoonekana vinavyochachusha muhogo wetu mtoni. Shirika la FAO likieleza neno hili linataja kazi nne pamoja: kuzalisha, kutumia, kutunza na kurudishia. Ninyi mushike ile ya mwisho, kurudishia, kwa sababu ndiyo watu wanaisahau. Nendeni Misisi mukatazame mashimo ya dhahabu. Dhahabu ikiisha, shimo linabaki shimo. Shamba si hivyo. Shamba linaweza kutoa mwaka huu, na mwaka ujao, na siku za wajukuu, lakini kama tu kile ulichokitoa umekirudishia.

Na neno hili haliko mbali na sisi. Mwaka 2022 Congo yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya hiyo ina mkakati wa bioekonomi unaofika hadi mwaka 2032. Mwaka 2024, nchi kubwa za G20 zilikubaliana kanuni 10 juu ya bioekonomi, chini ya uongozi wa Brazili. Kwa hiyo wakubwa wanaongea. Mimi nataka sisi wadogo tuongee pia, kabla hawajamaliza kuongea juu yetu.

Si jambo jipya kwa Congo

Kuna mtu atafikiri hiki ni kitu cha Wazungu kimefika jana. Hapana. Congo iliingizwa ndani ya uchumi wa mimea zamani sana, na kwa nguvu. Mpira wa wakati wa Leopold ulitoka wapi? Ulitoka kwenye miti na kamba za msitu, na mababu walikatwa mikono juu yake. Mwaka 1911 William Lever alipata ardhi kubwa ya michikichi katika Congo ya Wabelgiji, ili mafuta ya mawese yatengeneze sabuni. Mafuta yalitoka kwetu, lakini faida kubwa ya sabuni ilienda kwao. Babu zetu walivuna ngazi, halafu wakarudi dukani kununua kipande cha sabuni.

Lakini kuna upande mwingine wa historia hiyo. Pale Yangambi, kando ya mto Congo, wataalamu wawili, Beirnaert na Vanderweyen, walionyesha mwaka 1941 siri ya mchikichi. Kuna mchikichi wa kokwa nene, na kuna mwingine usio na kokwa ngumu. Ukiwaoza hao wawili, unapata mtoto mwenye kokwa nyembamba na nyama nyingi ya mafuta. Ugunduzi huo ndio unaobeba mashamba ya michikichi ya dunia nzima mpaka leo, hata kule Malesia na Indonesia.

Ninalisema hili kwa sababu lina faida kwenu hapa. Wengi wetu tukiona mchikichi mzuri kwa jirani, tunaokota mbegu chini yake na kupanda. Kumbe huyo mzuri ni mchanganyiko. Ukioza mchanganyiko kwa mchanganyiko, katika watoto wanne, kwa wastani, mmoja atarudi kwenye kokwa nene, wawili watafanana na mama, na mmoja atakuwa yule asiye na kokwa, ambaye kwa kawaida hazai vizuri. Unamwagilia, unapalilia miaka minne, halafu mti wa nne haukupi kitu. Mbegu ya mchikichi inunuliwe mahali inapooanishwa kwa mkono. Haiokotwi.

Na mfano mwingine, wa hapa hapa Kivu ya Kusini: Pharmakina ya Bukavu, inayotoa kinini katika maganda ya miti ya kinkina. Ganda la mti limekuwa dawa ya malaria, kazi zikabaki Bukavu. Hiyo ni bioekonomi. Kwa hiyo tusiseme haiwezekani kwetu. Imekwisha kuwezekana.

Mbuzi wangu

Sasa nishuke kwenye muhogo, kwa sababu muhogo ndio tunaoujua.

Tuliporudi na meli kutoka Kigoma, kila mmoja alikuwa na kifurushi chake na haraka yake. Mimi haraka yangu ilikuwa kupanda. Niliomba vipande vya miti ya muhogo kwa kila aliyenipa, sikuchagua. Majani yalitoka yamekunjamana, yana madoa ya njano. Ilikuwa ugonjwa wa mozaiki. Ugonjwa huo unabebwa na nzi weupe wadogo, lakini sisi wenyewe tunaubeba zaidi tunapogawana miti migonjwa. Mwaka ule nilivuna mizizi kama vidole. Watoto wangu walikula bugali cha kununua.

Mwaka uliofuata nilikuwa na mbuzi wawili. Nikamwambia mke wangu: tusitupe maganda, tuwape mbuzi. Ulikuwa muhogo mchungu, na maganda yalikuwa mabichi, yametoka kisuni asubuhi hiyo. Kufika jioni, mbuzi mmoja alikuwa amelala chini, anahema kwa shida, povu mdomoni. Usiku akafa. Jirani alisema ni uchawi. Haukuwa uchawi. Muhogo mchungu una sumu, na katika ganda sumu ni nyingi kuliko katika nyama ya muhogo.

Ninawaambia hayo ili musije mukatoka hapa muna hamu tu. Kitu tunachokiita takataka kina mali ndani yake, lakini mali hiyo inataka maarifa. Bila maarifa, inaua mbuzi.

Maarifa yenyewe si magumu. Wamama wetu wanayajua kwa upande wa mzizi: unaloweka, unachachusha, unaanika, sumu inatoka. Ganda nalo linataka kazi ya namna hiyo. Kule Ibadan, Nigeria, watafiti wa ILRI na IITA walitengeneza njia ambayo haina siri yoyote. Unachagua maganda safi bila mchanga. Unayakwangua kwa mashine kama ile ya kukwangulia muhogo. Unayakamua maji kwa presi. Unayaacha usiku kucha yachachuke. Asubuhi unayachekecha na kuyaanika kwenye sakafu safi. Ganda zima lililotupwa juani linachukua siku mbili au tatu kukauka, na mvua ikija linaoza. Lililokwanguliwa na kukamuliwa linaweza kukauka kwa saa sita hivi jua likiwa kali. Tani 3 za maganda mabichi zinatoa tani 1 hivi ya chakula cha wanyama: mbuzi, nguruwe, hata kuku kama umechanganya na vitu vingine.

Sasa mupige hesabu yenu wenyewe. Ukimenya kilo 100 za muhogo, maganda yanaweza kufika kilo 15 au 20. Nendeni pale mtoni tunapolowekea, mutazame ile milima ya maganda inayonuka. Tena maji yake yanateremka mtoni na kusumbua samaki, na wale wa chini wanachota maji hayo hayo.

Kila kitu kwa zamu yake

Ndugu zangu, hapa ndipo ninapoomba masikio. Hatari ya bioekonomi ni kwamba mtu anaweza kutuambia: kila kitu kina bei, basi uzeni kila kitu. Uzeni majani, uzeni maganda, uzeni makapi. Mukifanya hivyo, shamba litakufa kabla ninyi hamujatajirika. Muhogo unakula sana ile potasi ya udongo. Ukitoa mzizi, ukitoa mti, ukitoa majani, na hurudishii kitu, baada ya miaka michache unalima mchanga.

Kwa hiyo mimi ninaweka zamu hivi.

Kwanza chungu. Kilimo ni cha kulisha watu. Sombe haiendi kuwa kitu kingine wakati watoto hawajala. Majani ya muhogo yaliyotwangwa na kuchemshwa vizuri ndiyo nyama ya maskini, maana yana protini nyingi kuliko mzizi wenyewe. Yule mama aliyeuliza "inaliwa?" alikuwa na haki.

Pili mnyama. Ganda likipita ndani ya mbuzi linafanya kazi mara mbili: linatoa nyama, na linatoa samadi.

Tatu udongo. Samadi hiyo irudi shambani, si kumwagwa kando ya barabara. Majivu ya jikoni pia, kwa sababu majivu yana ile potasi ambayo muhogo uliichukua. Na yale maua ya njano yanayojaa kando ya barabara zetu, tunayoyaita alizeti ya pori: kata matawi mabichi, fukia shambani, yanaoza haraka na kulisha udongo. Hayaombi hata franga moja. Maharage na karanga nazo mupande kwa zamu na muhogo, maana mizizi yake ina vijidudu vinavyokamata chakula cha mimea kutoka hewani.

Nne moto. Makapi ya ngazi baada ya kukamua, kokwa zake, pumba ngumu za mpunga kule uwanda wa Ruzizi, Sange na Luberizi, ambako zinachomwa bure kando ya mashine za kukoboa. Katika mpunga, pumba hiyo ni kama sehemu moja katika tano ya uzito. Haiozi kwa urahisi, ng'ombe hawaipendi, lakini unaweza kuitandika chini ya kuku, halafu ikiwa imechanganyika na mavi yao unaipeleka mboleani. Nyingine inaweza kufinyangwa kuwa makala ya kupikia.

Juu ya makala nitasema neno. Sisi tuliokaa kambini hatuhitaji somo. Tunajua mwanamke akitembea nusu siku kutafuta kuni anakutana na nini porini. Tunajua kilima kisicho na mti kinafananaje. Tanuri la udongo tunalotumia linatoa kilo 10 mpaka 20 tu za makala katika kilo 100 za kuni kavu. Zilizobaki zinakuwa moshi. Kila gunia la makala linaloenda Uvira limekula miti mingi kuliko tunavyofikiri. Kama makapi yetu yanaweza kupunguza hata sehemu ndogo ya hayo, tufanye. Lakini tusijidanganye kwamba makala ya makapi yataondoa yale ya miti kesho asubuhi. Yanataka kukauka vizuri, yanataka kitu cha kuyashikanisha, na mama atayanunua tu yakiwa rahisi na yasiyomjaza moshi.

Tano soko la mbali. Hilo ni la mwisho, baada ya yale manne.

Kilichotokea kwa jirani zetu

Kwa nini ninaweka soko la mbali mwishoni? Tulipokuwa Tanzania, kwenye miaka ya 2000, kulikuwa na sifa nyingi juu ya mbono, ule mti ambao mbegu zake zinatoa mafuta ya kuendeshea gari. Kampuni za kutoka nje zilichukua ardhi kubwa katika wilaya kama Kisarawe na Kilwa. Wanavijiji waliahidiwa kazi, visima, shule. Miaka haikupita mingi, kampuni zikakwama, kazi zikakatika, na ardhi haikurudi kirahisi kwa wenyewe. Mbono hauliwi. Bei ilipokataa, mkulima hakuwa na kitu cha kuweka chunguni.

Muhogo si hivyo. Bei ikianguka, tunaula. Mawese vilevile: soko likigoma, tunapikia, tunatengeneza sabuni. Hiyo ndiyo nguvu ya mkulima mdogo, na mtu yeyote anayekuja na mti mpya ajibu kwanza swali la yule mama.

Ardhi si yetu sote

Sasa niseme jambo ambalo linauma kidogo, na wengine hapa watakunja uso. Lakini kama halisemwi katika mkutano mkuu, litasemwa wapi?

Nimesema turudishie udongo. Lakini udongo wa nani? Tuliporudi, wengine wetu tulikuta mashamba ya wazazi yana watu ndani, na hao watu nao hawakuwa wezi wote. Wengine walikuwa wakimbizi wa ndani waliotafuta mahali pa kulima, wengine waliuziwa na mtu ambaye hakuwa na haki ya kuuza. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema ardhi ni ya serikali, na desturi inasema ina wenyewe, na katikati ya hizo mbili sisi tunakodi msimu kwa msimu.

Mtu anayekodi msimu mmoja hawezi kubeba samadi. Kwa nini abebe? Mwenye shamba akiona mimea imekuwa kijani, msimu ujao anapandisha bei au anamchukulia. Nimemwona mwanachama wetu, baba mwenye bidii, aliyebeba samadi kwa baiskeli miezi mitatu. Msimu uliofuata shamba lile lilikuwa la mtu mwingine. Na mti usiulize! Mpangaji akipanda mchikichi, mwenye shamba anasema: huyu anataka kuninyang'anya. Kwa desturi yetu mti ni alama ya umiliki, kwa hiyo mpangaji anakatazwa mti, na shamba linabaki uchi.

Ndiyo maana ninasema bioekonomi yetu haianzi na mashine. Inaanza na karatasi. Mkataba wa kukodi wa miaka 5 angalau, ulioandikwa, mbele ya shefu wa lokalite na mashahidi wa pande zote mbili, unaosema wazi ni nani atakula matunda ya mti uliopandwa na ni nani atabaki na mti. Mwenye shamba naye apate kitu: udongo wake utarudi ukiwa na nguvu kuliko alivyoutoa. Chama chetu kina watu wa kila upande. Tukikaa pamoja na wale waliobaki wakati sisi tulikimbia, tukawaeleza, wengi watakubali. Hawa ni majirani zetu. Tulizika pamoja, tutazika pamoja tena.

Hangari au mashine ya pili?

Sasa nafika kwenye kura ya leo mchana. Munajua tuna pesa za wafadhili zilizobaki. Kuna mawazo mawili. La kwanza: tununue mashine ya pili ya kusaga. La pili: tujenge hangari ndogo karibu na pale tunapolowekea muhogo, yenye mashine ya kukwangua, presi, na sakafu ya kuanikia maganda na koseti, au makopa kama walivyoyaita Kasulu.

Mimi ninaunga mkono hangari, na sitaficha. Mashine ya kusaga tuliyo nayo haifanyi kazi siku nzima. Ya pili itagawana wateja walewale na kunywa mafuta mara mbili. Sakafu safi itatusaidia hata kama habari ya maganda itashindwa, kwa sababu koseti zetu tunazianika chini, zinaingia mchanga, na wanunuzi wa Uvira wanatukata bei juu ya hilo.

Lakini wiki iliyopita mama mmoja mjane alinifuata nyumbani. Aliniambia: "Mwanangu, mimi sina shamba. Ninaokota maganda mtoni bure, ninayaanika, ninalisha mbuzi wangu watatu. Mukishaweka bei kwenye ganda, mimi nitaokota nini?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Nilirudi nikalala nalo.

Hilo ndilo swali ambalo wataalamu wengi hawaliulizi. Kitu kikiwa takataka, maskini anakichukua. Kikiwa mali, mwenye nguvu anakichukua. Tusipoangalia, tutajenga hangari na kumnyang'anya mjane mbuzi wake, halafu tutaandika ripoti nzuri kwa wafadhili.

Kwa hiyo kura yangu ina masharti matatu, na ninaomba sekretari ayaandike. Moja: ganda ni la yule aliyemenya, na hakuna mtu atalazimishwa kulileta hangarini. Mbili: wale wanaookota sasa, na tunawajua kwa majina, ndio watakuwa wa kwanza kupewa kazi ya kukwangua na kuanika, na watalipwa kwa chakula cha wanyama au kwa franga, wao wachague. Tatu: hesabu ya hangari isomwe kila mwezi mbele ya watu wote, kama tunavyosoma hesabu ya avec yetu, sanduku wazi, mbele ya macho. Kama masharti haya hayakubaliki, mimi mwenyewe nitapiga kura ya mashine ya kusaga.

Kwa wafadhili wetu

Ninyi mutakaosoma maneno haya mbali, tunawashukuru. Bila ninyi wengi wetu tusingepata jembe la kwanza. Nina maombi matatu, nayasema kwa heshima.

La kwanza: musitutumie mashine ambayo bulti yake haipatikani Uvira wala Bukavu wala Kigoma. Hapa kwetu tumeona mashine nzuri imekuwa kiota cha kuku. Afadhali ndogo ambayo fundi wetu anaweza kuichomelea.

La pili: mukubali kulipia vitu visivyopigwa picha. Mkataba wa ardhi haupendezi kwenye picha. Safari ya mashahidi, karatasi, siku tatu za kusikilizana na majirani, hayo hayana rangi. Lakini bila hayo, mbolea yote munayotuwezesha kutengeneza itaishia kwenye shamba la mtu mwingine. Na vipande safi vya muhogo, visivyo na mozaiki wala ule ugonjwa unaoozesha mzizi ndani, vina faida kuliko fulana 100.

La tatu: mutupe muda. Muhogo unakaa ardhini karibu mwaka, hata zaidi. Mchikichi unataka miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa. Mradi wa miezi sita unaweza kuvuna nyanya, hauwezi kuvuna udongo. Na hapa kwetu usalama ukivurugika, mtu anaacha hata kile kilichoiva. Tukichelewa, musidhani tumelala.

Kumalizia

Wamama na wababa, sikuja kuwaambia tutatajirika na maganda. Nilikuja kusema kwamba kilimo ndani ya bioekonomi si kulima zaidi tu. Ni kujua kila kitu kilichotoka shambani kimeenda wapi: kiasi gani kimeingia chunguni, kiasi gani kimeingia kwa mbuzi, kiasi gani kimerudi udongoni, na kiasi gani kimepanda gari kwenda kwa watu wengine. Fanyeni hesabu hiyo nyumbani kwenu wiki hii, shamba moja tu. Mutashangaa.

Salongo ya Jumamosi tutaanza na jambo dogo: kusafisha pale mtoni, kuhamisha milima ile ya maganda yaliyooza na kuipeleka shimoni kuwa mbolea. Hiyo haihitaji kura wala mfadhili. Mtu aje na jembe na beseni. Na yule mama mjane amekubali kuja kutuonyesha jinsi anavyoanika maganda yake, kwa sababu mbuzi wake watatu wako hai, na wangu mmoja alikufa.

Kura ni baada ya chakula.